Kosa Ambalo Kitasa Hajalitenda

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu. Mguu wake wa nne ni tofali, na kila anayelikalia anajua asiinuke ghafla asije akamwaga kahawa ya mwenzake. Liko kati ya kiti cha kinyozi na kibanda cha kuchonga funguo, mkabala na nguzo mpya ya serikali iliyosimikwa zaidi ya wiki tatu zilizopita. Juu nguzo ina jicho jeusi na vidude vinavyopima mwendo wa mtu, jasho lake na mahali macho yake yanapotua. Chini ina kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa kufuli. Tangazo lilisema itamtambua mhalifu kabla hajatenda. Watu wa kijiweni waliipa jina la Mjomba, kwa sababu inakutazama kama mjomba aliyefika nyumbani akakuta kikombe kimevunjika: hajauliza kitu, lakini ameshaamua ni wewe.

Asubuhi hiyo, saa mbili na nusu, Kitasa alikuwa amekaa upande wa tofali, kahawa imempoa mkononi. Yeye ndiye fundi kufuli wa mtaa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wengine wakitembea njiani huona watu. Kitasa huona milango, na kwenye mlango huona kufuli tu. Akikuta komeo lililolegea, au bawaba iliyopigwa misumari badala ya skrubu, roho yake husononeka siku nzima. Ni ugonjwa wa kazi na hauna dawa. Sasa, mtu anayeiacha kahawa ipoe pale kijiweni ana moja kati ya mawili: anaumwa, au ana barua. Kitasa alikuwa na barua.

Alikuwa amepania kuificha. Tatizo ni kwamba Panki, kinyozi wa hapo, ni kaka wa mke wake, na shemeji anayeshinda akitazama vichwa vya watu kwa karibu haachi kitu kikampita.

– Shemeji, hicho kinachochungulia mfukoni ni nini?

– Karatasi.

– Karatasi ina muhuri?

Waziri alikwishanyoosha mkono. Huyu si waziri wa kitu chochote. Alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali kwa miaka thelathini na moja, akibeba mafaili kutoka mlango huu hadi ule, na tangu astaafu anazungumza kana kwamba yale mafaili aliyaandika yeye. Akavaa miwani, akakohoa kikohozi cha ofisini, akasoma kwa sauti iliyovuka barabara.

– "Ndugu Mkazi. Umeonekana kwa siku ishirini na mbili mfululizo ukiitazama kufuli iliyopo barabara hii kwa muda usio wa kawaida. Hujatenda kosa. Unatakiwa kufika ofisini leo saa nne kamili asubuhi kueleza kosa ambalo hujalitenda. Maelezo yasiporidhisha, kibali chako cha kazi kitasimamishwa na jina lako litabandikwa ubaoni."

Hata Bi Birika, muuza kahawa, aliacha kupepea jiko lake.

– Sasa ukifika utasema nini? – Panki aliuliza. – Utasema hukufanya? Mbona wao wenyewe wanasema hukufanya.

– Hapo ndipo penye ufundi, – alisema Waziri, akiikunja barua kwa heshima kubwa. – Barua kama hii haiandikwi na mtu mdogo.

Kitasa hakucheka. Kibali kilimuuma, lakini ule ubao ulimuuma zaidi. Mtu hamletei fundi kufuli chuma. Anamletea ufunguo wa nyumba wanamolala watoto wake, anamwachia, anaenda sokoni, anarudi. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza alichonga mbili au tatu. Siku jina lake likibandikwa ukutani pamoja na neno "nia", nani atamletea tena ufunguo? Aliogopa, na alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka: "Jamani, mimi naogopa."

Bi Birika akammiminia kahawa ya moto bila kuombwa.

– Kufuli gani hiyo uliyoitazama? – akauliza.

– Ndiyo sijui. Mimi nazitazama zote.

– Usiseme kwa sauti, – Waziri alinong'ona, yeye aliyeisoma barua mpaka ng'ambo wakaisikia.

Wakaanza kuhesabu kufuli za barabara ile. Ya duka la nafaka, Kitasa alisema, ni kubwa lakini ndani hamna kitu, ukiipiga kwa nyuma ya nyundo inafunguka yenyewe. Ya stoo ya Bi Birika ina pete imeliwa na kutu, alishamwambia. Ya fundi cherehani inafungwa kila jioni huku dirisha likibaki wazi. Kadiri alivyoeleza ndivyo wenzake walivyozidi kumwangalia kwa macho makubwa, maana kila sentensi ilikuwa inamzamisha.

– Shemeji, – alisema Panki taratibu, – ningekuwa mimi ndiye Mjomba, ningekukamata juzi.

Waziri akaeleza kanuni. Kutazama mara moja ni macho, alisema, mara mbili ni umbea, mara tatu ni nia. Haba na haba hujaza kibaba: leo jicho, kesho jicho, na siku ya ishirini na mbili kibaba cha nia kimefurika. Akaongeza kwamba huko juu wameshajenga na gereza lake. Mtu atakuwa anafungwa kwanza, anatumikia miaka yake yote, kisha akitoka anapewa karatasi ya kumruhusu kwenda kuiba, kwa sababu adhabu ameshaimaliza.

– Na asipotaka kuiba? – aliuliza Bi Birika.

– Anarudishwa ndani kwa kuidanganya serikali.

Bi Birika alitikisa kichwa. Kwa maoni yake Waziri alikuwa anawasifia wasiostahili. Kujua kosa la mtu kabla hajalitenda haijawahi kuwa kazi ya serikali. Hiyo ni kazi ya mama mkwe. Yeye mwenyewe wiki ya kwanza ya ndoa aliambiwa ataunguza maharage, na Alhamisi akayaunguza. Alichoamini ni kwamba wamemtafuta mama mkwe mmoja mwenye kipaji, wakamtia ndani ya kile kisanduku, wakafunga kufuli.

– Ndiyo maana Mjomba haongei, – alimalizia. – Mama mkwe akishaamua haongei. Anaguna tu.

Wote wakageuka kukitazama kisanduku, kisha wakakumbuka, wakatazama miguu yao.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Waziri akasema maneno matupu hayavunji mfupa. Lililobaki ni kumfundisha mtuhumiwa kutembea kama mtu asiye na nia. Ofisi iko mwisho wa barabara, na lazima apite mbele ya Mjomba, kwa hiyo ni bora apite vizuri.

– Nenda polepole, – alishauri. – Mwenda pole hajikwai.

Kitasa akaenda polepole, akarudi. Bi Birika akasema anayepita polepole mbele ya milango ya watu anachagua. Akaenda mbio. Panki akasema hivyo ni kama ameshaiba. Akapita akitabasamu, wakamwambia amekuwa kama tapeli wa pete za dhahabu. Akatia mikono mfukoni: anaficha kitu. Akaitoa: anajiandaa. Waziri akapata wazo la kuchechemea, kwani wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Mjomba akiona guu limevunjika atajua mtu huyu ameshaadhibiwa, amwache. Kitasa akachechemea hadi kona na kurudi, jasho likimtiririka, huku akijiona mjinga kuliko siku zote za maisha yake.

– Umepita mara ngapi? – aliuliza Bi Birika.

Wakahesabu. Mara kumi na mbili, kwenda na kurudi, mbele ya jicho la serikali, kila mara kwa mwendo mwingine.

Kitasa akaketi. Panki akaja na mashine ya kunyolea mkononi.

– Tatizo siyo miguu, shemeji. Tumechelewa kuliona. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mjomba anasoma akili, siyo? Basi anasoma nywele. Nikizitoa zote, atasoma nini?

– Panki, – Bi Birika akaanza.

– Na nikimnyoa mimi, dada yangu hatauliza maswali. Atafikiri ni joto.

Mtu anayezama hashiki jani tu, anashika hata mashine ya kinyozi. Kitasa akahamia kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni. Ndani ya kioo aliona kibanda chake nyuma yake, na ule ufunguo mkubwa uliochorwa ukutani kwa rangi nyekundu, aliouchora mkewe mwaka waliooana kwa sababu yeye mwenyewe hajui kuchora. Mashine ikanguruma. Panki akaanza upande wa kulia, kwa mapana, akinyoa huku akieleza jinsi upara unavyong'aa na kumrudishia Mjomba sura yake mwenyewe, mpaka ajitilie shaka. Upande wa kulia ukaisha. Mashine ikavuka utosi, ikakohoa, ikanyamaza.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Mwanamke mmoja aliyevaa ovaroli ya kijivu, begi la vyuma begani, alikuwa amezima swichi kubwa ya ukutani inayolisha nguzo na vibanda vyote. Akaenda kwa Mjomba, akapiga magoti mbele ya kisanduku, akahangaika. Akatoa ufunguo, akaupuliza, akautia tena. Akapiga kisanduku kofi. Halafu akasimama, akafuta mikono na kuvuka barabara kuja kijiweni.

– Huyo ndiye fundi wa Mjomba, – alinong'ona Waziri. – Nyamazeni.

– Lakini Mjomba si amezimwa? – Panki naye kwa kunong'ona.

– Ana betri. Serikali haifumbi macho yote mawili.

Mwanamke akawasalimu vizuri, akawaita wazee wangu, hata Panki ambaye hajafika arobaini. Akauliza swali dogo kabisa.

– Samahanini. Hapa jirani hakuna fundi kufuli?

Waziri akachungulia ndani ya kikombe chake kama ameangusha pete. Bi Birika akakuta jiko linahitaji kupepewa. Panki akamfunika Kitasa shuka hadi kidevuni.

– Fundi kufuli, – Waziri alisema hatimaye. – Kufuli kwa maana ipi?

– Kufuli, mzee. Ya kufungia.

– Alikuwepo, – alisema Panki. – Alihama.

Mwanamke akauangalia ufunguo mwekundu ukutani, mkubwa kama mlango. Akauangalia mlango wa kibanda ulio wazi na ile mashine ya kuchongea iliyowekwa mezani. Akawaangalia wao.

– Alihama lini?

Kisha akaeleza, kama anayeongea peke yake, kwamba ametumwa kubadilisha kifaa kimoja ndani ya kisanduku, ana saa moja tu, na kufuli imegoma. Anazungusha ufunguo hauendi. Amefikiria ashike koleo akaulazimishe.

Kitasa alikuwa amefumba macho chini ya shuka. Alijiambia anyamaze. Alijiambia habari ya kibali, ya ubao, ya mke wake. Alikaza mikono yote miwili kwenye kiti. Lakini akilini akamwona huyu mama akishika koleo, akasikia kabisa ule mlio wa ufunguo kukatikia ndani, na kitu kikampanda kifuani kikamshinda.

– Usilazimishe, – alisema. – Tundu lake linatazama juu. Mvua zote hizi zimeingia humo, ndani kumeshika kutu. Ukitumia koleo utakatia ufunguo ndani na hapo ndiyo basi tena.

Mwanamke akageuka kuitazama nguzo. Kutoka kijiweni tundu la kufuli halionekani. Hata kufuli yenyewe unaiona nusu.

– Umejuaje? – aliuliza.

Waziri akachungulia tena ndani ya kikombe chake. Panki akapangusa mashine isiyokuwa na umeme. Bi Birika akainua birika, akalitikisa, akasema kwa sauti kubwa kwamba kahawa imeisha, mkutano umekwisha, kila mtu aende kwake. Na wote walisikia kahawa ikichezacheza ndani yake.

Kitasa ndipo alipoelewa. Si kufuli ya duka la nafaka, wala ya stoo, wala ya fundi cherehani. Ni hii. Siku walipoisimika nguzo walikuwa na haraka. Waliipenyeza kufuli kati ya kisanduku na bomba, ikabanwa ikasimama kichwa chini, tundu likitazama mawingu. Aliiona akifungua kibanda asubuhi ya kwanza, ikamkera. Kesho yake akaitazama tena kuona kama wameigeuza. Keshokutwa tena. Mvua ilipoanza alikuwa akisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, akisikitika. Akijibu swali la huyu mama sasa, amekiri kila neno lililoandikwa katika barua.

Aliivua shuka, akasimama. Nusu ya kichwa chake ilikuwa na nywele na nusu haikuwa nazo.

– Nimeitazama kila asubuhi, mama. Siku ishirini na mbili. Iliniuma kuiona imekaa vile.

Mwanamke alijitahidi asikitazame kile kichwa.

– Sasa baba, si ungesema mapema?

– Nimwambie nani?

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kweli, kwa sababu alikuwa hajui. Mwanamke akatazama ofisi kule mwisho wa barabara, akatazama begi lake, mwisho akainua macho hadi kwenye lile jicho jeusi lililokuwa limewatazama wote wiki tatu bila kuuliza jambo. Waziri, aliyewahi kubeba barua kwenda kila mlango wa serikali, naye alifikiri kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

Kitasa akaingia kibandani, akatoka na mafuta ya taa kwenye kichupa, waya mwembamba na kitambaa. Akavuka barabara bila kuchechemea. Akadondosha mafuta ndani ya tundu, akaisubiri, akaigonga taratibu kwa kifundo cha kidole, akauzungusha ule waya mara tatu akitoa kutu, kisha akaomba ufunguo. Kufuli ikafunguka kama haijawahi kugoma. Mwanamke akafanya kazi yake ndani ya kisanduku. Humo, Bi Birika alihakikisha kwa kunyoosha shingo, hamkuwa na mama mkwe. Kufunga, Kitasa aliomba afunge yeye. Akaipitisha upande wa pili wa bomba, ikaning'inia inavyotakiwa, tundu chini.

Mwanamke alitaka kumlipa. Kitasa akatoa barua badala yake. Mwanamke aliisoma mara mbili, akaona haya kidogo kana kwamba ameiandika yeye, akaigeuza na kuandika mgongoni, akiegemea kisanduku: "Kufuli ilitundikwa vibaya na watu wetu. Mzee huyu aliliona tatizo kabla yetu sote. Ndicho alichokuwa anakitazama. Ameirekebisha." Akatia sahihi, akaweka na namba yake ya kazi.

– Barua ya serikali haiandikwi mgongoni, – alinung'unika Waziri alipoiona. Lakini akavua kofia yake mwenyewe, ile nyeusi ya siku ya kustaafu ambayo huwa haazimi mtu, akamvisha Kitasa na kuishusha vizuri upande wa kulia. – Ukifika mlango wa pili, usibishe hodi. Kohoa. Wataitika.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Umeme ukarudi. Mashine ya Panki ikanguruma yenyewe juu ya meza, na Panki akamsihi shemeji yake akae dakika tano amalizie, maana dada yake akikiona kichwa kile hawezi kukubali kuwa ni joto. Kitasa akasema watamalizia akirudi. Bi Birika akammiminia Waziri kahawa kutoka kwenye birika lililoisha.

Kule juu jicho jeusi likawaka taa yake ndogo. Kitasa alikuwa amefika usawa wa nguzo, barua mkononi, kofia ya mwenzake kichwani, akitembea mwendo wake wa kila siku. Kutoka benchini wote watatu wakamnong'oneza kwa pamoja asitazame, atazame mbele, ofisi ile pale.

Akasimama, akainama kidogo, akaitazama ile kufuli.

Ilikuwa imekaa sawa.